Namba ni jina, siri ndiyo muhuri: somo kutoka Ras al Jinz

Matapeli wa siku hizi hawana haja ya kuvunja mlango wala kuchomoa pochi sokoni. Wanachotaka ni namba yako ya kitambulisho, jina lako kamili na dakika tano za hofu yako. Polisi ya Kifalme ya Oman imekuwa ikitoa tahadhari hiyo mara kwa mara, na tahadhari za namna hiyo zinasikika pia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Hata hivyo ushauri unaotolewa zaidi, kwamba kila mtu aifiche namba yake, ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili inaweza kuelezwa vizuri kwa vitu vilivyofukuliwa katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Oman.

Kijiji hicho ni Ras al Jinz, katika mkoa wa Sharqiyah Kusini, kilomita 40 na ushei kutoka mji wa Sur. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Sur kutokana na masimulizi ya mababu zao, kwani majahazi ya mji huo yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakirudi na kusi. Ras al Jinz yenyewe inajulikana zaidi kwa kasa. Kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga mayai, na tangu mwaka 1996 eneo hilo pamoja na Ras al Hadd limekuwa hifadhi kwa Amri ya Kifalme. Watalii hufika kutoka kila pembe ya dunia kuwatazama.

Lakini chini ya mchanga huo huo kuna habari ya kale zaidi. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Mfaransa Serge Cleuziou na Mwitaliano Maurizio Tosi walifukua makazi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walikuta vipande vya lami iliyopakwa kwenye vyombo vya baharini, vingine vikiwa bado na alama za matete na kamba. Walikuta pia vyungu vilivyotoka bonde la mto Indus. Na walikuta mihuri midogo yenye maandishi, ya mwishoni mwa milenia ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Mihuri hiyo ndiyo inayotuhusu leo. Katika biashara ya zama hizo, kuanzia Mesopotamia hadi Indus, muhuri ulikandamizwa juu ya udongo mbichi uliofunga mdomo wa mtungi au fundo la kamba ya mzigo. Aliyepokea mzigo akiuona muhuri haujavunjwa alijua ni mali ya fulani na haujaguswa njiani. Jina la mwenye mali lilijulikana bandari nzima, na hakuna mfanyabiashara aliyelificha, maana ukilificha jina utamuuzia nani? Kilichotunzwa ni muhuri. Aliyeupata muhuri wa mwenzake aliweza kufungua na kufunga mizigo yake kana kwamba ndiye yeye.

Wizi wa utambulisho wa leo unatokana na kuvichanganya vitu hivyo viwili. Namba tuliyopewa na serikali ni jina. Sisi, pamoja na benki, makampuni ya simu na ofisi nyingi, tumeifanya kuwa muhuri.

Namba ya kasa na namba ya mtu

Kasa wa Ras al Jinz nao wana namba. Tangu miaka ya 1970 watafiti nchini Oman wamekuwa wakiwabana kasa kibati kidogo cha chuma kwenye mkono wa kuogelea, chenye namba ya kila mmoja. Kibati hicho hakifichwi. Kinawekwa wazi kwa makusudi, ili mvuvi au mtafiti atakayemkuta kasa huyo katika pwani nyingine aisome namba na kupeleka habari. Kwa njia hiyo watu wamejifunza kasa anakwenda wapi na anarudi baada ya miaka mingapi.

Kwa nini namba ya kasa haiibwi? Kwa sababu haifungui kitu chochote. Hakuna benki itakayomkopesha mtu kwa namba ya kasa, wala kampuni ya simu itakayosajili laini kwa namba hiyo. Inafanya kazi moja tu, ya kumtofautisha kasa huyu na yule. Namba za vitambulisho vya watu zilianzishwa kwa kazi hiyo hiyo. Shida ilianza pale zilipobebeshwa kazi ya pili.

Oman ilianza kutoa vitambulisho vyenye chipu mwaka 2004, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa katika Mashariki ya Kati kufanya hivyo. Raia ana kadi yake, na mgeni mwenye kibali cha kuishi ana kadi ya mkaazi, ile inayoitwa bitaqa kwa Kiarabu. Kadi zote mbili hutolewa na Polisi ya Kifalme, na kila moja ina namba ya kiraia ya mwenyewe. Namba hiyo inaulizwa hospitalini, benki, dukani pa laini za simu, kwa mwenye nyumba, shuleni kwa watoto na hotelini. Mgeni anayelala usiku mmoja Ras al Jinz ili awaone kasa, naye huacha namba ya kadi au ya pasi mapokezi.

Hebu ihesabu mwenyewe, msomaji. Kwa mwaka mmoja ni watu wangapi wameiandika namba yako kwenye daftari, wameipiga picha kwa simu au wametoa kivuli cha kadi yako na kukiweka kwenye jalada? Mtu anayeishi maisha ya kawaida Muscat, Nizwa au Ibra hawezi kuwakumbuka wote. Jambo linalojulikana na watu hamsini haliwezi tena kuitwa siri.

Afrika Mashariki hali ni hiyo hiyo, na pengine ni zaidi. Namba ya NIDA nchini Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Ya Uganda ina herufi na tarakimu 14, ikianza na herufi ya uraia, kisha herufi inayoonyesha kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, ikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo aliyeipata namba amepata na habari nyingine bila kuuliza. Na benki ikiuliza kwa simu tarehe yako ya kuzaliwa ili ihakikishe kuwa ni wewe, mwenye namba yako mkononi anayo jibu.

Simu inayoanza na ukweli

Utapeli wenyewe unakwendaje? Chukua mfano wa mama mtu mzima wa Ibra, aliyezaliwa Unguja na kurudi Oman na watoto wake miaka ya 1970. Simu inalia. Sauti ya upole inamwambia, "Assalamu alaykum mama, napiga kutoka benki yako. Kadi yako itafungwa leo kwa sababu taarifa zako hazijahuishwa." Kabla mama hajauliza lolote, anatajiwa jina lake lote na namba yake ya kiraia, tarakimu kwa tarakimu.

Hapo ndipo mtego unapofunga. Mama anajiambia kwamba mtu asiye wa benki asingeijua namba yake. Moyo unatulia, mlango unafunguka. Kisha anaambiwa kuwa ataletewa ujumbe mfupi wenye namba ya uthibitisho na aisome. Anaisoma. Namba ile ndiyo iliyokuwa ufunguo wa akaunti, na dakika chache baadaye fedha zimeshahamishwa.

Tazama vizuri mpangilio wa tukio hilo. Namba ya kiraia haikutoa hata baiza moja kutoka benki. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwenyewe aamini. Kilichotoa fedha ni namba ya uthibitisho, ambayo mama aliitoa kwa hiari baada ya kuaminishwa. Tapeli alikuja na jina, akaondoka na muhuri.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mtu kuijua namba yako ya kitambulisho si ushahidi kwamba ametoka ofisi yoyote. Ni ushahidi tu kwamba ameiona namba yako mahali fulani, na mahali hapo ni pengi. Anayekutajia namba yako ili umwamini anastahili kuogopwa zaidi kuliko asiyeijua.

Kisa cha pochi za Marekani

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wanaambiwa siku zote waitunze namba ya hifadhi ya jamii kuliko fedha. Namba hizo zilianza kutolewa mwaka 1936, kwa kazi moja ya kuweka hesabu za michango ya wafanyakazi. Miaka miwili baadaye, 1938, kiwanda kimoja cha pochi katika mji wa Lockport, jimbo la New York, kilitaka kuwaonyesha wateja jinsi kadi hiyo inavyoingia katika pochi zake. Kikachapisha kadi ya mfano na kuitia ndani ya kila pochi. Namba iliyowekwa haikuwa ya kubuni. Ilikuwa namba halisi ya katibu mmoja wa kiwandani hapo.

Pochi ziliuzwa nchi nzima katika maduka ya Woolworth. Kadi ya mfano ilikuwa ndogo kuliko ya kweli, imechapwa kwa wino mwekundu, na imeandikwa wazi kuwa ni mfano. Hata hivyo wanunuzi waliichukua namba ile wakaifanya yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia. Kwa miaka yote, kwa mujibu wa hesabu za idara ya hifadhi ya jamii yenyewe, zaidi ya watu 40,000 waliwahi kuitaja kuwa ni namba yao. Katibu yule alilazimika kupewa namba nyingine, na hadi mwaka 1977 walikuwapo watu 12 waliokuwa bado wanaitumia ya zamani.

Wengi katika watu hao hawakuwa wezi. Walidhani kadi imekuja na pochi. Lakini kisa chao kinaonyesha kuwa mfumo unaoipokea namba yeyote anayoitaja, bila kumtaka athibitishe kuwa ni yake, utachanganyikiwa hata pasipo mhalifu. Idara yenyewe ilijua hatari hiyo, na kuanzia 1946 hadi 1972 kadi zilichapwa maneno ya kuonya kwamba si za utambulisho. Benki, waajiri na hospitali hawakuyajali. Ikawa anayeitaja namba ndiye mwenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax ilipovamiwa kwa njia ya mtandao, taarifa za watu wapatao milioni 147 zilitoka, na nyingi zilikuwa na namba hizo. Hakuna kati yao aliyezembea kuificha namba yake. Ilitolewa kwa niaba yao, na kampuni ambayo wengine hawakuwahi hata kuzungumza nayo.

Sweden imekwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1947 kila mkaazi wa huko ana namba yake, na kwa kawaida namba hiyo si siri. Mtu anaweza kuiulizia ofisi ya kodi na akaambiwa. Wasweden hawakukubali, hata hivyo, kwamba anayeijua namba ndiye mwenyewe. Ili kuingia benki au kutia saini kwa simu mtu hutumia utambulisho wa kielektroniki ulio katika simu yake na unaofunguliwa kwa namba ya siri aijuayo peke yake. Matapeli wapo huko pia, na wanahangaika kumlaghai mtu aifungue simu yake. Namba peke yake haiwafikishi mbali.

Kenya: kuandikishwa bila kujua

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio hai zaidi ulitokea Kenya. Mwezi Juni mwaka 2021, wananchi walipopewa njia ya kuangalia kwa mtandao iwapo wamo katika orodha za vyama vya siasa, maelfu walishangaa kujikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yakafika kwa msajili wa vyama na kwa kamishna wa ulinzi wa data, ambaye ofisi yake ilikuwa bado changa.

Hawakuibiwa fedha. Kilichochukuliwa ni jina. Lakini fikiria mtumishi wa umma anayetakiwa asiwe na chama, au mtu anayetaka kugombea kama mgombea binafsi, akikuta ameshaandikwa. Na yeyote aliyewahi kuingia jengo la ofisi jijini Nairobi anajua daftari la mlinzi getini, ambamo kila mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saini. Kila anayefika huona mistari ya waliomtangulia. Daftari likijaa linakwenda wapi?

Tanzania: kidole kinapobonyezwa mara mbili

Tanzania ilijaribu kuweka muhuri juu ya jina. Kuanzia Mei 2019 laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA, na baada ya muda kusogezwa mbele, laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa mwezi Januari 2020. Wengi wanakumbuka foleni ndefu za siku zile. Kidole si kama namba, kwani hakiandikwi kwenye daftari.

Hata hivyo matapeli walipata mwanya. Mbinu inayojulikana ni ya wakala asiye mwaminifu anayemwambia mteja, "Samahani mzee, mashine haijasoma, weka tena kidole." Mara ya kwanza mashine ilikuwa imesoma. Ya pili inasajili laini nyingine, ambayo mteja haioni na hataisikia mpaka itumike kutuma ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameshawahi kuupata, "ile hela tuma kwenye namba hii." Aliyetapeliwa akilalamika, jina linalotokea ni la mzee aliyekwenda kusajili laini yake moja tu.

Kwa bahati nzuri ipo njia ya kujikagua. Nchini Tanzania ukibonyeza *106# unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040. Nchini Kenya wateja wa Safaricom nao hutumia *106# kuangalia laini zilizo kwa jina lao. Ni kazi ya dakika mbili. Ni vizuri kuifanya kila baada ya miezi michache, na kuwafanyia wazee nyumbani ambao simu zao zilisajiliwa na wajukuu.

Mgeni Ghuba, na jamaa nyumbani

Kwa Waafrika Mashariki walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, hatari inaanza kabla ya safari. Dada anayetafuta kazi Muscat akiwa Tanga au Mombasa huambiwa na wakala atume picha ya pasi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kwa WhatsApp. Wakala anazipeleka kwa mwenzake, mwenzake kwa ofisi, ofisi kwa waajiri watatu au wanne wanaotafuta mfanyakazi. Kazi ikipatikana au isipopatikana, picha hizo zinabaki katika simu za watu asiowajua, na hakuna anayezifuta.

Akishafika, jaribu la pili linamngoja. Mwenzake ambaye hana kadi, au ambaye kadi yake imekwisha, anamwomba, "Dada yangu, nisaidie, nisajilie laini kwa bitaqa yako." Wengine huombwa akaunti ya benki "ipitishe fedha mara moja tu." Kwetu kusaidiana ni jambo jema, na kukataa kunaonekana ni roho mbaya. Lakini laini ile ikitumika kutapeli, polisi watamtafuta kwanza yule ambaye namba yake imeandikwa. Mgeni ambaye kibali chake kinamtegemea mwajiri hana nafasi ya kujieleza mara mbili. Kumsaidia mwenzako kwa kumpeleka ubalozini au kumnunulia muda wa maongezi ni wema. Kumkabidhi jina lako alitumie atakavyo ni kumpa muhuri wako.

Walioko Ulaya na Marekani wana mzigo wao. Jamaa nyumbani anaomba picha ya pasi ili afuatilie kiwanja au mirathi. Huko Marekani namba ya hifadhi ya jamii ya mtoto inaweza kutumiwa na mtu mwingine kwa miaka mingi bila kujulikana, kwa sababu mtoto haombi mkopo. Uingereza barua ya namba ya bima ya taifa inasema wazi kuwa si uthibitisho wa utambulisho, lakini wapo wanaoibeba kila mahali kama kitambulisho.

La kufanya

Kwanza, usiisome namba ya uthibitisho kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa polisi, benki, au shemeji. Namba hiyo imetumwa kwako ili uibonyeze wewe, na hakuna ofisi ya kweli inayoihitaji. Simu ya aina hiyo ikija, kata. Halafu piga mwenyewe namba iliyochapwa nyuma ya kadi yako ya benki. Huo si utovu wa adabu, na mfanyakazi wa kweli wa benki ataelewa.

Pili, ukitoa kivuli au picha ya kitambulisho, iandikie kazi yake. Chora mistari miwili juu ya kivuli, pasipofunika jina wala picha, uandike katikati yake, kwa mfano, "Kwa ajili ya kupanga nyumba tu," pamoja na tarehe na jina la unayempa. Karatasi hiyo ikikutwa dukani kwa laini za simu itajieleza yenyewe. Ukitoa fotokopi mtaani, hesabu nakala na uondoke na zile zilizoharibika.

Tatu, uliza kabla ya kutoa. Ukiombwa namba, uliza ni ya kazi gani, na kama jina au namba ya simu haitoshi. Mara nyingi utaambiwa inatosha. Bahati nasibu ya sokoni au fomu ya zawadi haina haja ya namba yako ya kitambulisho.

Nne, ifunge milango usiyoitumia. Marekani kila mtu anaweza tangu Septemba 2018 kufungia taarifa zake za mikopo bila malipo kwa Equifax, Experian na TransUnion, ili mkopo usifunguliwe kwa jina lake. Idara ya kodi ya huko nayo humpa mlipa kodi anayetaka namba ya siri ya tarakimu sita inayobadilika kila mwaka, na tangu 2021 mtu yeyote anaweza kuiomba. Oman tangu mwaka 2013 ina Kituo cha Taifa cha Uthibitisho wa Kidijitali, ambacho kinamwezesha mwenye kadi kujithibitisha kwa mtandao kwa namba ya siri anayoichagua mwenyewe. Namba hiyo ya siri ndiyo muhuri. Usiiandike nyuma ya kadi, wala usiifanye mwaka wako wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeshaandikwa upande wa mbele.

Tano, kadi ikipotea au ukishatapeliwa, usikae kimya kwa aibu. Benki ndiyo ya kwanza kupigiwa, kwa sababu fedha huhamishwa haraka na kila dakika ina thamani. Baada yake polisi, ambao nchini Oman wanapatikana kwa simu 9999. Hifadhi ujumbe, namba iliyokupigia na saa ya tukio. Taarifa ya polisi ndiyo itakayokutetea siku jina lako litakapotokea mahali usipopajua.

Wajibu si wa mwananchi peke yake

Yote hayo hayatoshi iwapo ofisi zinazotuomba namba hazitabadilika. Sheria sasa zipo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Oman ilitoa yake kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Februari 2023. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Zote zinakubaliana katika msingi kwamba anayekusanya taarifa za mtu aseme ni za kazi gani, asichukue zaidi ya anazohitaji, na azilinde.

Kazi iliyobaki ni kuzifikisha sheria hizo getini kwa mlinzi, kwenye kibanda cha wakala na mezani kwa mapokezi. Mlinzi akimwona mtu na kadi yake kwa macho, kuna haja gani ya kuiandika namba katika daftari lililo wazi? Wakala akisajili laini, kwa nini mteja asipate papo hapo ujumbe wa kumwambia ni laini ngapi sasa zina jina lake? Na benki inayomtambua mteja kwa kumuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho haijauliza swali lolote ambalo tapeli hana jibu lake.

Mpaka hapo ofisi zitakapojifunza, ulinzi wa kwanza unabaki mikononi mwa mwenyewe. Namba yako itaendelea kuandikwa na kuonekana na watu wengi, na hakuna haja ya kukosa usingizi kwa hilo. Ulale bila simu yako kufungwa kwa namba ya siri, au usome namba ya uthibitisho kwa sauti ya upole usiyoijua, hapo ndipo pa kuogopa. Mwenye mama, bibi au babu anayepokea simu peke yake mchana, amweleze jambo hilo leo, kwa lugha anayoielewa, na arudie tena mwezi ujao.